Wikiendi za mwanafunzi wa Leipzig: namna ya kuzurura na wenzako bila kufilisika

Wikiendi ya Leipzig, mji wa mashariki mwa Ujerumani, huanza Alhamisi jioni. Wadogo zangu mnaokuja kwa mwaka wa kubadilishana, msipolishika hili mtajikuta Jumapili mchana mko bwenini mnatafuna tambi kavu, maana Jumapili Ujerumani maduka hufungwa kutwa nzima. Hubaki kaduka kamoja kamoja ndani ya stesheni kubwa, na foleni yake usiombe. Kwa hiyo Alhamisi mnakubaliana mnakwenda wapi, Ijumaa mnanunua mahitaji, Jumamosi alfajiri mnaondoka.

Kwanza tiketi. Deutschlandticket, tiketi ya usafiri ya mwezi, ilianza Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi, Januari 2025 ikawa 58, na Januari 2026 ikafika 63. Vyuo vingi vina ya wanafunzi kwa bei nafuu, ikilipwa pamoja na michango ya muhula. Ulizeni ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla ya kununua, wapo wanaolipia kitu ambacho tayari wanacho mfukoni. Ukiwa nayo unapanda mabasi, tramu na treni za mikoa nchi nzima. Soma herufi ubaoni: RE, RB na S ni zako. ICE, IC na EC, treni za masafa marefu, si zako, hata kama imesimama mbele yako, milango wazi, na inakwenda kule kule unakokwenda. Mkaguzi hana muda wa hadithi, na faini huanzia euro 60. Tiketi ina jina lako, kwa hiyo kitambulisho kitembee nawe. Na ukiinunua mwenyewe, jua kwamba inajirudia kila mwezi: ukitaka kuikatisha mwisho wa mwezi, toa taarifa kabla tarehe 10 haijapita, la sivyo wanakukata tena.

Mgeni akija kuwatembelea hana haja nayo. Kuna tiketi ya siku ya jimbo, Sachsen-Ticket, ambayo watu hadi watano wanasafiri pamoja. Siku za kazi inaanza saa tatu asubuhi, wikiendi tangu usiku wa manane. Nami naona watano ndiyo idadi nzuri ya kundi hata kama kila mtu ana tiketi yake. Wakizidi hapo, mmoja anataka makumbusho, wa pili ana njaa, wa tatu yuko chooni, treni inaondoka.

Kundi letu lilikuwa na Mganda, Mkolombia, binti wa Georgia, kijana wa Mombasa na mimi wa Tanga. Tulipoanza kupanga safari kwenye simu, wa Mombasa aliandika "tukutane saa mbili" na Mkolombia akaelewa saa mbili yao, yaani saa nane mchana wetu. Tangu hapo sheria ikawa moja: andika muda kama ulivyo kwenye tiketi, 08:00, basi. Sheria ya pili ni ya pesa. Mtu mmoja analipia vya pamoja, anaandika, na Jumapili usiku kila mwenye deni analipa. Usiache deni la euro nne likalala, linaota mizizi na linaharibu urafiki kuliko deni la mia.

Nauli za nyongeza tulizitoa kwenye chupa. Ujerumani chupa nyingi za plastiki na makopo ya vinywaji unayanunua pamoja na dhamana ya senti 25, unarudishiwa ukipeleka chupa tupu kwenye mashine ya dukani. Tuliweka mfuko koridoni kwetu, kila anayeona uvivu wa kwenda dukani akatupa humo, sisi tukageuza mfuko kuwa kibubu. Msishindane tu na wazee wanaookota chupa kwenye bustani. Zile waachieni, wao wanazihitaji kuliko sisi.

Chakula mnabeba. Mganda wetu alikuwa akikunja chapati na mayai usiku wa Ijumaa akiiita rolex, kijana wa Mombasa akibisha kwamba hiyo ni chapati kwa mayai tu na haina haja ya jina la saa. Wabishane, nyinyi kuleni. Funga kwenye karatasi ya jiko, weka na chai ya tangawizi kwenye chupa ya kutunza moto, mmeokoa bei ya chakula cha mtalii.

Safari ninayowapendekezea ya kwanza ni Bastei, kwenye milima ya mawe ya mchanga nje ya Dresden. Panda RE kutoka Leipzig hadi Dresden, kisha S1 hadi Kurort Rathen; keti upande wa kushoto uuone mto Elbe. Treni inakuacha ng'ambo isiyo yenu, kwa hiyo mnavuka kwa pantoni, na hapo tulieni mtazame. Pantoni ile imefungwa kwenye waya mrefu uliotiwa nanga mtoni upande maji yanakotoka. Nahodha anaikalisha mshazari, maji yanaisukuma yenyewe hadi upande wa pili. Aliyezoea ya Kigamboni anakaa anasubiri muungurumo wa injini, hausikii. Bebeni sarafu za nauli.

Mkishavuka, watu wengi hufuata njia kuu moja kwa moja. Nyinyi pitieni Schwedenlöcher: ngazi takriban 700 ndani ya ufa wa mwamba, ambamo wanakijiji walijificha dhidi ya askari wa Sweden mwaka 1639. Kuna mahali unanyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, mawe yanatoka jasho, na baridi ipo hata Julai. Raba zenye soli iliyolika hazifai, mchanga juu ya ngazi unateleza. Mkitokeza juu mnafika kwenye daraja la mawe la 1851, kama mita 194 juu ya mto. Kulipita ni bure. Shukeni kwa njia kuu, magoti yatawashukuru. Moto msiwashe kabisa, ile ni hifadhi ya taifa na Julai 2022 moto mkubwa uliunguza misitu ya pale. Hamu ya nyama choma itulizeni Leipzig, Clara-Zetkin-Park, kwenye sehemu zilizoruhusiwa kuchomea.

Kiangazi kuna ziwa la Cospuden, kusini mwa mji, mnafika kwa baiskeli. Lilikuwa shimo la makaa ya mawe, wakalijaza maji, watu wakaanza kuogelea mwaka 2000. Someni vibao: palipoandikwa FKK watu huoga uchi, wazee kwa vijana, na hakuna anayemkodolea mwenzake macho. Ni desturi waliyokua nayo tangu enzi za Ujerumani Mashariki. Kama wewe ni mtoto wa Tanga kama mimi, geuza baiskeli polepole, tandika kanga yako upande mwingine.

Desemba jua linazama saa kumi jioni, basi safari ndefu achaneni nazo. Jumamosi saa tisa alasiri nendeni Thomaskirche, kanisa ambamo mtunzi Bach aliongoza muziki tangu 1723 hadi alipofariki 1750. Kaburi lake limo humo humo. Kwaya ya wavulana ya kanisa huimba motet, nyimbo za dini za sauti nyingi, kwa mchango mdogo tu mlangoni, na wavulana wanapokuwa likizo huimba kwaya nyingine. Hata asiye Mkristo anakaribishwa. Kaa na koti lako, kanisa lina baridi.

Mkitamani Praha, mji mkuu wa Czech, hiyo tiketi ya mwezi haiwafikishi, nunueni ya kuendelea. Bebeni pasipoti pamoja na kadi ya ukaazi, vyote viwili, si picha kwenye simu. Polisi hupanda treni karibu na mpaka. Kwa kadi hiyo mnaruhusiwa kukaa katika nchi nyingine za Schengen, zile za Ulaya zenye viza ya pamoja, hadi siku 90 ndani ya kila siku 180.

Jumapili jioni rudini mapema. Osheni vyombo vya chakula, lipaneni, lakini chupa za glasi za kutupwa zisubiri. Jumapili ni siku ya ukimya, na jirani akisikia zinavyopasuka kwenye pipa atawagongea mlango. Zipelekeni Jumatatu mkienda darasani.