Jiwe la kumbukumbu la askari wa Keya asiye na kaburi

Usinunue saruji kwanza. Tafuta jina la babu kama Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, lilivyoliandika, la sivyo utalichonga jiwe mara mbili. Pekua kitabu cha malipo na barua kuukuu upate namba ya jeshi. Medali za Waingereza za Vita vya Pili hazitakusaidia: kwa kawaida hazikuchongwa jina.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya bure mtandaoni. Weka jina moja tu pamoja na kikosi, King's African Rifles (ndiyo Keya). Makarani waliandika walivyosikia, kwa hiyo badilisha L na R, Z na S, Chi na Ki. Soma pia maelezo ya ziada. Huenda yakataja baba yake au wilaya, kama Dodoma, Mpwapwa au Kondoa. Waliopotea Burma (leo Myanmar) wasipatikane wengi wao wako kwenye mnara wa Rangoon uliopo Taukkyan, wenye majina karibu 27,000. Nakili namba ya ubao. (Wachukuzi wa vita vya 1914 wengi hawamo kwa majina, kwao itabidi kutegemea kumbukumbu za ukoo.)

Maneno yawe machache: jina, namba, kikosi, “Burma 1944”, “Hana kaburi linalojulikana”. Usiandike “Amelala hapa” wala usiinue tuta. Wajukuu watadhani kuna mwili. Tarehe ikiwa na shaka, mwaka unatosha.

Jiwe la sentimita 60 kwa 45, unene 8, linataka ndoo ya lita 5: moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto ndogo. Anza na maji lita 3.5, ukizidisha, jiwe litakuwa dhaifu. Mchanga wa korongoni uoshe, kwani tope huzuia saruji kushika. Laza wavu wa chuma katikati. Juu piga plasta laini, usubiri maji yaishe kung'aa. Kidole kikiacha alama bila kunata, ndipo uandike kwa msumari, herufi za sentimita 3.

Hapa ndipo mawe mengi ya Dodoma huharibika: jua na upepo hukausha uso kabla ya ndani, na nyufa hupita katikati ya jina. Funika na gunia lililoloweshwa, ulimwagie maji asubuhi na jioni kwa siku saba.

Wazee waulizwe mapema kama matanga yaliwahi kuwekwa. Kama bado, hayo yatangulie. Siku ya kulisimika, unaweza kuchagua 25 Julai, Siku ya Mashujaa, ambayo huangukia kiangazi, barabara za vijijini zinapitika.