Kuweka SSD ndani ya iMac ya inchi 21.5 (2012 hadi 2019)

iMac nyembamba za inchi 21.5 zilizotoka mwishoni mwa 2012 hadi 2019 nyingi ziliuzwa zikiwa na diski ngumu inayozunguka mara 5,400 kwa dakika. Prosesa yake bado ina nguvu. Kinachoichelewesha ni diski, hasa ukiweka macOS (mfumo endeshi wa Mac) za kuanzia 2018, kwa kuwa mfumo wa mafaili wa APFS ulitengenezwa kwa ajili ya SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) na hutambaa kwenye diski ya kuzunguka. Ukitia SSD, mashine hiyohiyo inabadilika kabisa.

Nunua SSD ya SATA ya inchi 2.5, GB 500 au TB 1. Usichukue ile nyembamba ya M.2, haiingii kwenye plagi ya diski iliyomo. Tafuta pia bisibisi ya Torx (yenye ncha ya nyota) T8 na T10, kigurudumu cha plastiki cha kukatia gundi, kadi mbili ngumu za plastiki, kebo ya kuunganisha SATA na USB, alkoholi ya isopropili, na seti ya gundi za utepe zilizokatwa kwa ajili ya modeli yako. Gundi ya zamani inayoshika kioo cha skrini hairudi ikishakatwa, kwa hiyo usifungue kioo kabla gundi mpya haijafika mkononi.

Kazi ya kwanza ifanyike kioo kikiwa kimefungwa. Weka nakala ya mafaili kwenye diski ya nje kwa Time Machine, programu ya nakala iliyomo kwenye Mac. Kisha unganisha SSD kwa USB, fungua Disk Utility, chagua kuonyesha vifaa vyote, ifute kwa APFS na mpangilio wa GUID, halafu sakinisha macOS juu yake. Washa upya huku umeshika Option, uchague SSD. Ikiwaka vizuri, SSD ni nzima na mfumo umekaa. Sasa ndipo kufungua kunapokuwa na maana. Kama ina Fusion Drive, fahamu kwamba mafaili yametawanywa kati ya diski ngumu na kipande kidogo cha SSD kilichomo ndani. Ukitoa diski, mafaili ya sehemu zote mbili yanapotea, na nakala yako ndiyo itakayobaki.

Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10. Hata hivyo usiguse bodi ya umeme iliyo ndani: kapasita zake hubaki na chaji.

Kazia mguu wa mashine kwa kipande cha kadibodi kilichokunjwa ili kichwa cha mashine kisiyumbe. Anzia ubavu wa kushoto, karibu na kitufe cha kuwasha, sukuma kigurudumu kati ya kioo na kasha la mashine kuelekea juu, pita juu, shuka kulia. Ukingo wa chini usiukate. Rudia njia ileile kwa kadi, isizame zaidi ya sentimita 1 hivi, na pale katikati juu ilipo kamera ipite juujuu. Kioo kikigoma, rudi ukate tena. Vioo vingi hupasuka kwenye kona, kwa sababu mtu amevuta upande mmoja wakati mwingine bado umeshikwa.

Inua sehemu ya juu kidogo tu, kwa kuwa kebo mbili fupi bado zimeshika: ya umeme wa skrini, na ya picha yenye kifungo kidogo cha chuma. Fungua kifungo hicho kwanza, ndipo uchomoe kebo kwa kuivuta sambamba na bodi. Kisha bandua utepe wa chini, ulaze kioo juu ya kitambaa laini.

Diski iko chini, imezungukwa na mpira na kushikwa na vibano vyenye skrubu za T8. Urefu wa skrubu hizo haufanani, zipange kwenye karatasi kwa mahali zilipotoka. Inua diski, chomoa plagi yake ya SATA, hamishia mpira kwenye SSD, rudisha. Kabla ya kufunga, toa vumbi kwenye feni kwa brashi laini.

Usikimbilie gundi. Rudisha kebo mbili za skrini, shikilia kioo kwa tepu ya karatasi, washa. Chagua SSD kuwa diski ya kuwashia, kisha kwenye Terminal (dirisha la kuandikia amri) andika sudo trimforce enable, kwa sababu TRIM, kazi ya kuijulisha SSD nafasi zilizofutwa, haijiwashi yenyewe kwa SSD za SATA zisizo za Apple. Skrini ikibaki nyeusi huku sauti ya kuwaka inasikika, kebo ya picha haijakaa sawa.

Kila kitu kikienda, zima na uchomoe umeme tena, kisha chomoa kebo za skrini na ulaze kioo kama mwanzo. Futa mabaki ya gundi kwa alkoholi, acha pakauke, bandika tepe mpya bila kuziba tundu la maikrofoni. Unganisha kebo, bandua karatasi za kinga, kandamiza kingo kwa viganja, na uache tepu ya karatasi ikishikilia usiku mzima.