Somo: Kuendesha mgao wa mboga wa kila wiki Mtwara

Mgao si genge. Gengeni unachagua na kulipa papo hapo. Kwenye mgao, mwanachama anatoa hela kabla mbegu haijaingia ardhini, halafu kila wiki anapokea kilichokuwa tayari. Shamba likinona mnanufaika wote, likiyumba mnapungukiwa wote. Wajapani walifanya hivi zamani, Marekani wakaanza 1986. Huku kwetu unawezekana, ila majira ndiyo bosi.

Hatua ya 1: Hesabu maji kabla ya watu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na mchanga wa huku haukai na maji. Kisima kikikauka Septemba, usiuze mgao wa Septemba. Kaya kumi zinatosha kuanzia.

Hatua ya 2: Kusanya hela wakati wa korosho, kuanzia Oktoba, pesa inapozunguka. Ukipanga 5,000 kwa wiki, msimu wa wiki 12 ni 60,000. Ruhusu awamu mbili. Andika daftarini, mtu asaini.

Hatua ya 3: Panda kwa zamu. Hapa ndipo wengi wanakwama. Mchicha unavunwa wiki tatu hadi nne baada ya kusia. Ukisia matuta yote siku moja, wiki hiyo utagawa mchicha mpaka mbuzi washibe, wiki inayofuata huna hata fungu. Sia tuta moja kila wiki, hata kama mkono unawasha. Matembele yatangulie, maana yakishashika ni kuchuma tu; kisamvu vilevile. Bamia inakaribia miezi miwili, nyanya chungu zaidi ya hapo. Nyanya usiahidi masika, bakajani, ule ugonjwa wa kuunguza majani, itakuumbua. Zingoje kiangazi kama maji yapo. Mlenda unaletwa na mvua yenyewe, na hakuna wa kuulalamikia isipokuwa watoto.

Hatua ya 4: Vuna alfajiri, umande ungalipo. Bamia na nyanya chungu chini ya tenga, majani juu, kisha gunia lililoloweshwa na kukamuliwa. Likichuruzika, majani ya chini yanaoza. Peleka vituo viwili, tuseme Shangani na Majengo. Kumfuata kila mtu mlangoni ni kumlimia mwenye bajaji.

Maswali ya wanachama

Kaka, wiki nikisafiri hela yangu inakuwaje?
Fungu lako lishavunwa, dada. Mtaje jirani atakayelichukua, nitampa. Sirudishi hela wala silimbikizi, kwa sababu majani hayangoji.

Mbona kisamvu kila mara? Kukitwanga kazi!
Kweli, mama. Kuanzia wiki ijayo anayetaka kilichotwangwa aseme mapema, aongeze kidogo ya mtwangaji. Ila kichemsheni vizuri, kibichi kina sumu.

Mvua ikigoma kabisa?
Mtakula kisamvu na matembele kidogo, na nitawaambia mapema hali ilivyo. Hela ya mbegu na vibarua ikishatumika hairudi, mzee wangu, ndiyo maana naleta daftari kabla hujalipa. Ukiona huwezi kubeba hilo, nunua gengeni, hatutagombana.

Naweza kulipia nusu mgao? Tuko wawili tu.
Tafuta mwenzako mtaani mgawane tenga moja. Kukata mafungu nusu nusu shambani kunanichelewesha, na jua la saa mbili halina huruma.