Namna ya kumtazama Matti Nykänen akiruka bila kubishana bure

Kibanda changu cha mpira kipo Mwanjelwa, Mbeya. Mechi zikiisha mapema, vijana hunidai niwawekee "yule Mfini wa kuruka", yaani Matti Nykänen wa Finland, mrukaji wa skii (vile vibao virefu vya kutelezea kwenye theluji), halafu ugomvi unaanza: kila mtu anadhani aliyeenda mbali zaidi ndiye mshindi. Nawaelekeza hivi.

Tafuta video za Olimpiki ya Calgary, 1988. Nykänen alibeba dhahabu zote 3 za kuruka na skii: kilima cha kawaida, kilima kikubwa na ya timu. Warukaji wa leo waache kwanza, wao hutanua skii mfano wa herufi V. Nykänen alizibana pamoja, kwa hiyo mwili wake unasomeka vizuri.

Sasa, macho yote kwenye ukingo wa njia ya kushukia. Anakuja amechuchumaa, karibu kilomita 90 kwa saa, mwendo wa basi la Tunduma dereva akijua hakuna askari mbele. Ule ukingo umeinama chini kidogo, haumrushi mtu juu. Ni miguu yake tu, tena kwa kufumba na kufumbua. Simamisha picha hapo, rudisha nyuma, tazama tena: magoti yananyooka, lakini kifua kinakwenda mbele juu ya skii. Anayeinuka wima anageuka ukuta, hewa inamzuia. Hapo ndipo Nykänen alipowaacha wenzake, huko angani alikuwa anavuna tu. Na msihofu, hayupo juu kiasi cha kuanguka kutoka mlima Loleza; mteremko umechongwa kufuata njia yake, ardhi iko mita chache chini.

Akitua, tazama miguu: mmoja utangulie, magoti yakunjwe. Kwa kanuni za sasa, kilima chenye mstari wa kupimia kwenye mita 120 hutoa alama 60 ukiufikia, na 1.8 kwa kila mita ya ziada. Waamuzi 5 hutoa hadi 20 kila mmoja. Ya juu kabisa na ya chini kabisa zinafutwa. Tuseme Juma katua mita 128 miguu sambamba: 74.4, na waamuzi watatu wakampa 16.5 kila mmoja, jumla 123.9. Musa katua 126 vizuri: 70.8, akapewa 18 mara tatu, jumla 124.8. Musa kashinda. (Siku hizi upepo nao una alama zake, ila tusichanganyane.)

Mkishaelewa, wekeni video ya Planica (Slovenia ya leo) 1985, aliporuka mita 191, rekodi ya dunia wakati ule. Kisha Msweden Jan Boklöv, aliyekuja na ile V, waamuzi wakimkata alama za mtindo, na bado akatwaa Kombe la Dunia la kuruka na skii 1988/89. Habari za Nykänen za pombe na jela, mpaka alipofariki 2019 akiwa na miaka 55, mimi huziacha. Zinakula muda wa kuangalia.

Video hizi ni za zamani, usizikuze zikajaa skrini nzima. Magoti hayataonekana.