Mwanafunzi wa udereva aseme anachokiona

Kama unamfundisha mtu kuendesha gari, mwambie aseme kwa sauti kila anachokiona barabarani: "Pikipiki inatokea kulia. Mtoto pembeni ana mpira. Lori la mbele limewasha taa za breki." Mwanzoni ataona haya na maneno yatamchanganya, lakini mwache aendelee. Faida ni kwamba unasikia macho yake yako wapi. Akinyamaza muda mrefu, mara nyingi macho yake yameganda kwenye boneti ya gari lenu au bampa la gari la mbele, kosa la karibu kila dereva mpya. Usimkaripie, maana mwenye hofu huona machache. Muulize tu, "Nyuma yetu kuna nini?" Akikosa jibu, hajatazama kioo.

Akishazoea, mwongezee kupima nafasi. Gari la mbele likipita nguzo au kivuli cha mti, aanze kuhesabu taratibu: "elfu moja na moja, elfu moja na mbili." Akifika hapo kabla hajamaliza, amelisogelea mno, aachie mafuta. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, gari hupita karibu mita 17 kila sekunde, hata kabla mguu haujagusa breki. Mvua ikinyesha, ahesabu hadi nne.

Mkanda ufungwe kabla gari halijaondoka, simu iwe kimya na mbali na mkono. Yako pia, mwalimu.