Pampu ya maji inajiwasha usiku? Soma kwanza kabla hujanunua ingine

Kama unaishi Nairobi unajua venye huwa, maji ya mfereji inakuja na siku zake, unajaza tenki ya chini, halafu pampu ndogo ndio inasukuma hadi bafuni. Sasa siku hiyo pampu ikigoma fundi wa kwanza atakwambia imekufa. Yangu "ilikufa" hivyo, nikakaribia kutoa pesa ya mpya, kumbe shida ni thredi tepu, ile tepu nyeupe ya kufunga jointi za bomba, ya bei ya chapati mbili tu.

Ukiskia mota inazunguka vizuri lakini maji haitoki, hiyo ni hewa. Funua tenki uangalie kama kuna maji, usicheke, watu wameita fundi na tenki iko kavu. Kama pampu yako ina kile kiboksi cha kujiwasha na taa nyekundu inawaka, maji iliisha ikajizima kujiokoa, so bonyeza reset. Bado? Zima stima, fungua ile nati ya juu ya pampu, mwaga maji polepole hadi ijae na mapovu yaishe, funga, washa. Ikishika leo na kesho imepoteza tena, kuna jointi ya upande wa kuvuta inanyonya hewa, na hapa ndio watu hupotea juu jointi kama hiyo haidondoshi hata tone, inavuta ndani. Mwagia maji kila jointi pampu ikiwa inafanya kazi, ukiskia sauti imebadilika umeipata, fungua ufunge thredi tepu upya. Ukikosa, shuku futivalvu, ile valvu iko mwisho wa bomba ya kuvuta, ndani ya tenki, huwa inashikwa na takataka haifungi.

Sasa ile ya kuamsha watu. Saa nane usiku, mifereji yote imefungwa, pampu inawaka sekunde mbili, inazima, baada ya dakika kadhaa tena. Maji inatoroka mahali na kazi yako ni kujua ni upande gani. Funga valvu ya bomba inayotoka kwa pampu kuingia kwa nyumba. Ikitulia, uvujaji uko ndani, na mara nyingi ni choo: weka rangi ya chakula kwa sistani, usiflashi kwa nusu saa, ukiona rangi kwa bakuli badilisha raba. Ikiendelea kujiwasha hata na valvu imefungwa, maji inarudi nyuma kwa tenki, nonritani (ile valvu ya kuzuia maji isirudi) imechoka.

Kama inawaka na kuzima haraka haraka wakati umefungua mfereji, hiyo ni story ingine, ni ile tenki ndogo ya presha iliyofungwa kwa pampu imeisha upepo. Zima stima, fungua mfereji hadi presha iishe kabisa, kisha toa kifuniko cha plastiki ufinye kivalvu, kiko tu kama cha tairi. Kikitoa maji, raba ya ndani imepasuka, nunua ingine. Kama ni upepo tu umepungua, jaza na pampu ya baiskeli hadi psi 2 chini ya pale pampu huwakia, yaani kama swichi inawasha kwa 20, weka 18. Wengine hupima tenki ikiwa na maji ndani halafu wanashangaa, hiyo namba haina maana yoyote.

Presha ikiwa dhaifu tu, safisha chujio na kichwa cha shawa, manake maji ya kwanza baada ya mgao huja na matope. Na kama uko ghorofa ya tatu usijilinganishe na jirani wa chini, maji ikipanda mita 10 unapoteza presha ya karibu ba 1 (bar), kama psi 14 hivi.

Mwisho ni ile ya kunguruma bila kuzunguka. Zima haraka sana, itaungua. Stima ikiwa imetolewa kabisa kwa soketi, zungusha shafti na bisibisi kutoka upande wa feni, pampu iliyokaa wiki kadhaa bila kazi hushikwa na kutu ndani na ukiizungusha kidogo inaachilia. Ikizunguka laini na bado inanguruma tu, hapo ni kapasita, kile kikopo kinachosaidia mota kuanza, na hiyo usiguse na mkono hata kama stima imezimwa, inabaki na chaji. Na ukinusa harufu ya kuungua, hiyo peleka kwa fundi wa kufunga upya waya za mota, hapo thredi tepu haisaidii.