Namna ya Kujiandaa kwa Utume kwa Wajaluo wa Rorya: Maelekezo kwa Mwinjilisti Anayetoka Tabora

Vijana wa makanisa yetu hapa Tabora wanaoitikia wito wa kwenda kuhudumu miongoni mwa Wajaluo wa wilaya ya Rorya, mkoani Mara, huagwa kwa maombi marefu ya kulindwa dhidi ya pombe, uganga na ngoma za ugenini. Mimi nilikaa huko miaka minne, na ningetamani tuwaombee zaidi juu ya mambo matatu: fedha isiyo na shahidi, chumba kisicho na jirani, na sifa. Majaribu haya hayamngojei mhudumu kule kando ya Ziwa Victoria, bali huondoka naye hapa hapa Tabora, kinachobadilika ni kwamba kule hana mzazi, mchungaji wala mwanakwaya mwenzake anayemfahamu kiasi cha kumwuliza, "Ndugu, jana ulikuwa wapi?" Kwa hiyo karibu yote ninayoyaeleza hapa yanahusu namna ya kujipatia watu wa kukuuliza swali hilo mapema, kabla hujaanza kulikwepa.

Jambo la kwanza ni kukataa kwenda peke yako. Yesu aliwatuma wanafunzi wake wawili wawili, na kanisa lisiloweza kugharamia watu wawili ni afadhali lingoje msimu mmoja zaidi. Pili, anza kujifunza lugha ukiwa bado nyumbani. Mnyamwezi akienda Usukumani huelewa sehemu kubwa ya mazungumzo tangu siku ya kwanza, lakini Kijaluo, ambacho wenyewe hukiita Dholuo, si lugha ya Kibantu. Ni ya Kinailoti, na ndugu zake ni Kiacholi na Kialur. Ni kweli kwamba watu wengi wa Rorya wanazungumza Kiswahili vizuri, na hapo ndipo wahudumu wengi hubweteka, kwa kuwa anayejua Kiswahili peke yake huambiwa yale wanayoambiwa wageni, kisha humtegemea mkalimani mmoja katika kila jambo, hata katika maungamo ya watu. Salimu kwa "oyawore" asubuhi na "oimore" jioni, shukuru kwa "erokamano", kisha omba kusomewa Muma, yaani Biblia, na mzee asiyechoka kukurekebisha. Utani wetu wa Kinyamwezi uache nyumbani kwa muda, hasa mbele ya wakwe, ambao Wajaluo huwawekea heshima kubwa sana na mipaka yake.

Usifike ukidhani kwamba unapeleka jambo jipya. Wamisionari wa Mennonite kutoka Marekani walifungua kituo chao Shirati mwaka 1934, na mwaka 1942 uamsho, yaani vuguvugu la toba lililoenea Afrika Mashariki, ulipofika hapo, wamisionari wenyewe walikuwa miongoni mwa waliotubu hadharani na kupatana na wenyeji. Mwaka 1967 Zedekia Kisare, aliyekuwa Mjaluo, akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa hilo. Maana yake ni kwamba huenda ukawakuta wazee ambao babu zao walibatizwa kabla ya babu yako. Kutoka kwa watu wa uamsho tafuta jambo moja hasa, nalo ni desturi ya kukutana na kusema makosa yako waziwazi, ambayo wao huiita kutembea nuruni. Jiunge na kikundi cha namna hiyo katika mwezi wako wa kwanza, wakati bado huna la kuficha.

Kuhusu makazi, usipange chumba sokoni wala mwaloni, yaani pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi na kuuza samaki, hata kama kodi ni ndogo. Omba upokewe katika boma la mzee wa kanisa, ambalo Wajaluo huliita dala. Mpangilio wa boma hilo ni ulinzi wenyewe: nyumba ya mke wa kwanza hutazama lango, nazo nyumba za vijana wa kiume, ziitwazo simba, huwa karibu na lango hilo, na kijana mgeni hulala humo. Kila anayeingia kwako huonekana, na kila unapochelewa kurudi kuna mtu anayejua. Mwanzoni nilikuona huko kuwa ni kubanwa. Baada ya mwaka mmoja, mwenzangu alipougua na kurudishwa nyumbani, nilitambua kwamba bila sauti ya mama wa boma lile aliyekuwa akiuliza kila jioni kama nimekula, nisingemaliza hata mwezi.

Sasa nije kwenye fedha, ambako nitakaa kidogo kwa sababu ndiko nilikoanguka. Kanisa lililonituma lilichanga fedha za bati, zikatumwa kwenye simu yangu. Wiki hiyo hiyo nikapata homa, nikachukua kiasi cha kulipia matibabu, nikiwa na nia ya kukirudisha mwisho wa mwezi. Mwezi uliofuata nikachukua nauli. Sikuwa mwizi moyoni mwangu, ila ilinichukua miezi mitano kuzirudisha, na katika miezi hiyo sikuweza kuhubiri juu ya uaminifu bila koo kukauka. Mzee mwenyeji wangu ndiye aliyeniuliza, kwa upole, bati zimefikia wapi. Kwa hiyo nakusihi: fedha ya kanisa isiingie kamwe kwenye namba yako binafsi. Ikilazimika kuingia, iandike siku hiyo hiyo katika daftari mbele ya watu wawili, mmoja wao awe mwenyeji, na daftari likae kwake. Mtume Paulo hakubeba peke yake mchango wa watakatifu wa Yerusalemu. Aliandamana na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili asiwepo wa kumshuku. Weka pia akiba ndogo ya matibabu na nauli kabla hujaondoka Tabora, kwa maana jaribu la fedha mara nyingi huanza na shida ya kweli.

Biashara ya dagaa nayo ina mvuto wake. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, kwa hiyo mialo kama Sota huwa na fedha nyingi wakati mwezi haupo, na mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika. Mhudumu huanza kwa kununua ndoo mbili za kitoweo, mwisho anakuwa mchuuzi. Usiingie katika biashara hiyo wakati wa utume wako. Badala yake, panga mafundisho ya mwaloni yafuate mwezi: siku za mbalamwezi ndizo ambazo wavuvi wana nafasi ya kusikiliza, na ndizo ambazo gongo huwatafuta kwa bidii zaidi.

Wajane wanahitaji uangalifu wa pekee. Desturi ya tero, yaani mjane kurithiwa na ndugu wa marehemu, makanisa mengi huipinga, lakini kuipinga mimbarani ni rahisi kuliko kumsaidia anayekataa kurithiwa. Matengenezo ya nyumba ya mjane kwa desturi hufungamana na huyo mrithi, kwa hiyo anayekataa huweza kubaki chini ya paa linalovuja. Wapeleke vijana wa kanisa wakaezeke, baada ya kuzungumza na wazee wa ukoo. Wewe usimtembelee mjane bila kufuatana na mama wa kanisa, hata kwa dakika tano za maombi.

Misibani nenda mapema, keti na wazee, toa rambirambi, na uondoke pamoja na wenzako kabla usiku haujawa mkubwa. Ukiulizwa habari za chira, yaani maafa yanayoaminika kumpata mtu aliyevunja mwiko, sikiliza kwanza hadi mwisho kabla hujajibu. Kuhusu pombe, sema tu kwamba hunywi, na utaletewa chai.

Sifa hujipenyeza kimya kimya. Wajaluo wana sanaa ya kujisifu na kusifiana, pakruok, inayoendana na nyatiti, ala yao ya nyuzi nane, na ni sanaa nzuri ambayo sioni sababu ya kuilaani. Tatizo ni mhudumu anayezoea kuitwa kwa majina makubwa hadi akaacha kuosha sahani yake. Omba kazi ya mikono katika boma: kuchota maji, kupalilia mtama.

Chukua chupa kadhaa za asali ya Tabora kwa wenyeji wako, watu huikumbuka. Na muda wako ukiisha, lipa kwanza deni la dukani, kabidhi daftari, ufunguo na salio mbele ya wale wale wawili, mwombe radhi uliyemkosea kwa jina lake, ndipo ukakate tiketi.